HAKI YA KUAMUA PAMOJA: MIZANI, MISHAHARA NA BARAZA LA WANACHAMA

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Mwenyekiti ametupa muda wa nusu saa, na ametuonya tusiutumie kusoma hesabu, kwa kuwa hesabu zimechapwa katika kurasa za nyuma za kijitabu hiki na kila mtu atazisoma nyumbani kwa nafasi yake. Twamshukuru kwa onyo hilo. Basi tutasema habari ya jambo moja tu ambalo limetusumbua katika miaka hii 10 kuliko bei, kuliko mvua, na kuliko ule ugonjwa wa ubwiriunga. Jambo lenyewe ni hili: wanachama wakihitilafiana juu ya haki, nani aamue? Na fedha ikiwa ni kidogo, nani aseme huyu apate ngapi na yule apate ngapi?

Sisi tuliokulia katika nyumba ya mzee wa baraza tulilisikia swali hili tungali wadogo. Marehemu baba yetu alikuwa akiitwa kukaa pamoja na hakimu katika mahakama ya mwanzo. Siku ya kesi mama aliamka mapema kuliko siku nyingine, kanzu ilikuwa imekwisha kupigwa pasi tangu jana yake, na mwavuli ulikuwa mlangoni hata kama ni kiangazi. Aliporudi jioni hakusema neno juu ya kesi. Mara moja tu tulimwuliza, kwa ujinga wa kitoto, yeye ambaye hakupita darasa la nne anamsaidia nini hakimu aliyesoma sheria. Alicheka, akasema, "Hakimu anakijua kitabu, mwanangu. Sisi twaijua njia ya kwenda kisimani." Hatukumwelewa siku ile. Tulimwelewa baada ya miaka mingi, na tutaeleza chini ni kwa sababu gani.

Yafaa wajumbe wajue kwamba wazee wale hawakuwekwa pale kuwa pambo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, kama ilivyotungwa, iliagiza kwamba hakimu wa mahakama ya mwanzo akae na wazee wasiopungua wawili, na wakihitilafiana juu ya jambo lolote, iwe ni hatia, iwe ni adhabu, iwe ni kiasi cha fidia, basi uamuzi uwe wa walio wengi. Maana yake ni kwamba wazee wawili wa kijijini waliweza kumshinda hakimu kwa kura zao, wala isiwe ni utovu wa adabu. Na kanuni zilizofuata mwaka 1987 zikamkataza hakimu kuwahutubia wazee kwa muhtasari kana kwamba ni wanafunzi wake. Ilimpasa kushauriana nao, kisha wote watie sahihi.

Katika Mahakama Kuu mambo yalikuwa mengine. Huko wazee walisikiliza kesi nzima ya mauaji, mwisho jaji akawaeleza ushahidi, naye kila mzee akasema maoni yake. Lakini jaji hakufungwa na maoni hayo. Ikatokea tena na tena kwamba Mahakama ya Rufani ilifuta mashauri yaliyokwisha kuamuliwa, si kwa sababu mtu ameonekana hana hatia, bali kwa sababu wazee hawakuelezwa sawasawa, au waliachiwa wamhoji shahidi kwa namna isiyowapasa. Kesi ikaanza upya, hali mashahidi wengine wamekwisha kufa. Basi mwaka 2022 sheria ikabadilishwa, na Mahakama Kuu haikulazimika tena kukaa na wazee. Jirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuliondoa baraza la namna hiyo mwaka 2007. Hatuwalaumu waliofanya hivyo. Mtu anayeombwa maoni ambayo hayana nguvu, tena kuwapo kwake kwaweza kuharibu kesi nzima, amewekwa mahali pabaya tangu mwanzo. Lakini ni jambo moja kusema kwamba desturi ilipangwa vibaya, na ni jambo jingine kusema kwamba mkulima hawezi kuamua.

Waingereza, ambao wao wana juri ya watu 12, nao wameibadilisha mara nyingi. Zamani ilitakiwa kauli moja ya wote 12. Mmoja akikataa, kesi ilivunjika. Wenye fedha za wizi waligundua kwamba hakuna haja ya kuwahonga watu 12, mmoja anatosha. Kwa hiyo mwaka 1967 Bunge lao likakubali uamuzi wa watu 10 kati ya 12. Kisha ikaonekana kwamba aliyekuwa akichaguliwa ni mwenye nyumba ya thamani fulani tu, hata wanawake wengi na vijana na wapangaji wakabaki nje. Sheria ya mwaka 1972 ikafungua mlango kwa kila aliye katika daftari la wapiga kura mwenye umri wa miaka 18 mpaka 65. Na mwaka 2025, mashauri yaliyosubiri kusikilizwa yalipozidi 70,000 katika mahakama zao kubwa, yalitolewa mapendekezo ya kupunguza kesi zinazokwenda mbele ya juri. Hapo wenzetu wamegawanyika sana, na si kazi yetu kuwaamulia. Tumeyataja haya kwa kuwa mambo mawili kati ya hayo yatatufaa mbele kidogo: lile la watu 10 kati ya 12, na lile la daftari.

Sasa tuje nyumbani.

Wajumbe wa siku nyingi wanakumbuka msimu wetu wa nne. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja ingawa wenyewe wamo humu ukumbini na wametupa ruhusa, kilo zilizoandikwa kijijini zilikuwa nyingi kuliko kilo zilizofika ghala kuu. Upungufu ulikuwa wa kila lori. Tunajua kwamba korosho hunyauka na kupungua uzito, lakini upungufu ule ulipita kunyauka. Malipo yakachelewa, watu wakanung'unika, na kidole kikaelekezwa kwa karani wa mizani. Ilisemwa kwamba anawaandikia ndugu zake kilo za hewa.

Tulikaa kumsikiliza: Mwenyekiti wa wakati ule, wajumbe watano wa Bodi, na sisi katibu tulioandika kumbukumbu. Tulianza saa tatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumemaliza. Karani alisema mizani ndiyo hiyo na yeye huandika anachokiona. Hatukwenda kuitazama mizani. Ilikuwa na stika ya ukaguzi, tukaona yatosha. Tukamfukuza kazi na kumzuilia mshahara wa miezi miwili. Kumbukumbu ya kikao ni ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono wetu wenyewe, na tungali nayo.

Msimu uliofuata tukaweka karani mwingine, kijana asiye na ndugu hata mmoja katika kijiji kile. Upungufu ukabaki vile vile.

Ndipo bibi mmoja mkulima, ambaye hajui kusoma, akamwambia karani mpya, "Hebu, mwanangu, lipime gunia langu hapo, kisha uisogeze mizani karibu na mlango ulipime tena." Walicheka waliokuwa katika mstari. Gunia likapimwa mara mbili, na zikatofautiana kilo mbili na zaidi. Sakafu ya ghala la kijiji ilikuwa imetitia upande mmoja tangu mvua kubwa, na mizani iliyokaa pale haikukaa sawa. Fundi alipoitwa alithibitisha. Tulipomwuliza yule bibi amejuaje, alisema kwamba aliliona tangu mwaka uliopita, maana maji ya kufagilia yalikuwa yakikimbilia pembe ile. Tukamwuliza kwa nini hakusema wakati karani anafukuzwa. Akajibu, "Nani aliniuliza?"

Hiyo ndiyo njia ya kwenda kisimani aliyoisema marehemu.

Tulikwenda watatu mpaka nyumbani kwa yule karani kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, mkewe akatupa maji. Tulimpa mishahara yake yote na barua ya kumsafisha jina, ambayo ilisomwa katika mkutano wa kijiji chake. Tulimwomba arudi kazini, akakataa. Alituuliza swali moja tu: "Mliposema mmenisikiliza, mlinisikiliza kwa muda gani?" Hatukuwa na jibu la kumpa wakati ule. Chama kile kilipoteza wanachama zaidi ya 40 katika misimu miwili, na wengine wao waliangukia mikononi mwa wanunuzi wa kangomba, ambao, kama mjuavyo, hawana mizani iliyotitia kwa kuwa hawana mizani kabisa, wana bakuli.

Waheshimiwa, wako watakaosema kwamba hili ni kosa la watu, si kosa la utaratibu. Sisi tulikuwamo, na twasema ni la utaratibu. Watu saba wa mezani walikuwa wote ni watu ambao lori likipungukiwa wao ndio wanaoulizwa. Kila mmoja wetu alihitaji apatikane mwenye kosa, tena upesi. Hatukuwa waovu; tulikuwa na haraka, na tulikuwa upande mmoja.

Jambo la pili ni mapato, nalo lilitokea msimu wa nane bei ilipoanguka mnadani. Watumishi wa Chama Kikuu, sisi tukiwa miongoni mwao, tulikuwa tumeomba nyongeza ya mshahara. Haki ilikuwa nayo: nauli zilipanda, unga ulipanda, na makarani wa ghala hawakuongezewa kwa miaka mitatu. Lakini mishahara yetu hutoka wapi? Hutoka katika makato ya kila kilo ya mkulima. Bei ikianguka na makato yakabaki yale yale, mkulima hulipa sehemu kubwa zaidi ya jasho lake kutulisha sisi. Na makato yakiongezwa, ndiyo zaidi.

Swali hili si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya kwanza ya uhuru mishahara ya wenye ajira iliongezeka haraka, wakati mapato ya fedha ya wakulima walio wengi hayakuongezeka kwa kadiri hiyo. Serikali ikamwita mtaalamu kutoka Shirika la Kazi Duniani, Profesa Turner wa Cambridge, naye akatoa taarifa yake mwaka 1967. Serikali ikafuata shauri lake kwamba nyongeza za mishahara kwa mwaka zisipite asilimia 5, na mwaka ule ule ikaundwa Mahakama ya Kudumu ya Kazi ili isuluhishe migogoro na kupitia mapatano ya mishahara. Nia ilikuwa njema, nasi twaiheshimu: yule mwenye mshahara asimwache mkulima nyuma mno. Lakini kuizuia mishahara isipande si sawa na kuipandisha bei ya mazao, na bei ya mazao iliendelea kupangwa mbali na shamba.

Wazee wa kusini wanalijua hili kwa mifupa yao. Msimu wa mwaka 1973/74 nchi hii ilikusanya korosho tani 145,000 hivi. Miaka 13 baadaye zilikuwa kama tani 16,000 tu. Ulikuwapo ugonjwa wa ubwiriunga, watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Lakini ilikuwapo pia bei, ambayo mkulima aliambiwa tu. Mtu akiambiwa bei asiyoiafiki, hawezi kugoma kama mfanyakazi wa bandarini. Yeye huacha kupalilia. Na mkorosho usiopaliliwa hauandiki barua ya malalamiko.

Bei za dukani nazo zilipangwa. Sheria ya mwaka 1973 iliunda Tume ya Bei, ikawa sabuni, sukari, khanga na majembe vina bei zilizoandikwa, na kadiri miaka ilivyokwenda vitu vyenyewe vikatoweka rafuni vikaenda ulanguzini. Mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ikaundwa na mahakama maalumu ambayo ndani yake jaji alikaa na watu wasio wanasheria. Tungependa wajumbe wapatazame hapa kwa makini, kwa sababu mtu aweza kusema: haya, si ndilo baraza la wananchi mnalolitaka? Walikaa wananchi, ndiyo. Lakini mshitakiwa hakuruhusiwa wakili, na hapakuwa na rufani. Mwaka uliofuata sheria ile iliondolewa na kuwekwa nyingine yenye milango zaidi. Basi kumweka raia mezani si haki peke yake. Yule karani wetu naye alihukumiwa na wakulima, kwa kuwa wajumbe watano wa Bodi ni wakulima.

Turudi kwenye mishahara yetu. Tulifanya jambo ambalo baadhi ya wajumbe waliliona la aibu: tulifungua daftari la mishahara, kila jina na kiasi chake, la Katibu likiwa la kwanza, tukaliweka mbele ya wakulima 12 waliotumwa na vyama vya msingi. Tulikaa nao siku tatu. Siku ya kwanza ilikuwa ya matusi, tuseme kweli. Mzee mmoja alituuliza kama kalamu ni nzito kuliko jembe. Siku ya pili makarani wa ghala walieleza kazi yao, na wakulima wakashangaa kusikia kwamba mlinzi wa usiku hupata kiasi kile. Siku ya tatu yakapatikana mapatano: walinzi na wapakiaji waongezewe mara moja, makarani wangoje, Katibu na Mhasibu wasiongezewe mpaka bei ya wastani ya msimu irudi ilipokuwa kabla ya kuanguka, na makato yasiongezwe hata senti. Pengo lilizibwa kwa kuuza gari moja, lile ambalo Katibu alikuwa akilipanda. Twaikubali hasara hiyo, ingawa si kila asubuhi.

Mapatano yale yameshika kwa misimu miwili sasa. Hakuna karani aliyegoma na hakuna chama kilichozuia makato. Je, tungalipata hivyo kama Bodi ingaliamua peke yake na kubandika tangazo ukutani? Tuwatazame tena Waingereza. Mwaka 1966 serikali yao ilisimamisha mishahara na bei kwa sheria. Mambo yalitulia kwa muda, kisha yakalipuka. Mwaka 1975, bei zilipokuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 24 kwa mwaka, serikali na vyama vya wafanyakazi walikaa wakapatana kwamba nyongeza isizidi pauni 6 kwa juma kwa kila mtu, na wenye mishahara mikubwa wasipate kitu. Hayo yalishika, na mwaka 1978 kupanda kwa bei kulikuwa chini ya asilimia 10. Ndipo mwaka ule ule serikali ikatangaza kikomo kipya pasipo mapatano, asilimia 5, ile ile ya kwetu ya mwaka 1967, vyama vikakikataa, na majira ya baridi yaliyofuata yakawa ya migomo mpaka serikali ikaanguka mwaka 1979. Hatusemi kwamba mapatano ndiyo yaliyofanya kazi yote. Lakini mfanyakazi aliyekubali pauni 6 alijua kwamba na mwenzake kakubali pauni 6.

Na sisi wenyewe tuna mfano wa mnada. Mkulima alikuwa akisimama mnadani, sanduku la zabuni likifunguliwa mbele yake, bei zikisomwa kwa sauti, naye akikubali au akikataa. Oktoba mwaka 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei kwa kuwa zilikuwa chini sana ya zile za msimu uliotangulia. Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kuzibeba. Twakumbuka furaha ya siku ile. Twakumbuka pia uhakiki uliofuata, na jinsi wengi walivyongoja malipo msimu ukaisha na mwingine ukaingia. Bei nzuri isiyolipwa kwa wakati humpeleka mkulima kwa mtu wa kangomba kama ile mbaya. Kwa hiyo tusidhani kwamba kukataa peke yake ni mamlaka. Mamlaka ni kuwa na ghala, na akiba ya kungojea, na hesabu ambayo kila mwanachama anaiamini. Na hesabu hiyo huanzia kwenye mizani ya kijiji.

Basi tunaleta pendekezo, nalo litakuwa ajenda ya 7 katika Mkutano Mkuu wa kesho. Tunaomba liundwe Baraza la Mizani na Makato la wanachama 9. Wasichaguliwe kwa kupigiwa makofi, kwa sababu makofi huwachagua wale wale; majina yatolewe kwa vikaratasi kutoka katika rejista ya wanachama wote, mwenye ekari 1 sawa na mwenye ekari 50, ajuaye kusoma na asiyejua. Kwa kila shauri jipya litolewe baraza jipya, na asikae mwanachama wa chama kile chenye shauri, wala ndugu wa mshitakiwa. Mshitakiwa aweza kukataa majina mpaka matatu bila ya kueleza sababu. Apewe siku 7 kabla ya kusikilizwa, na mtu wa kumsemea akitaka. Uamuzi uwe wa watu 7 kati ya 9, ili hongo ya mtu mmoja isitoshe, wala ukaidi wa mtu mmoja usitufunge. Asiyeridhika akate rufani kwa Mkutano Mkuu. Na kabla ya neno lolote kusemwa, baraza liende kwa miguu yake likaione mizani pale ilipo. Baraza hilo hilo, kwa namna hiyo hiyo ya vikaratasi, ndilo litakalokaa na watumishi kila mwaka juu ya mishahara na makato, daftari likiwa wazi.

Halitachukua kazi ya Mrajis wala ya mahakama. Wizi wa kweli ni wa polisi, na sheria ya ushirika yabaki ilivyo.

Tumekwisha kusikia maneno ya vijiweni. Wasemao kwamba mkulima ataogopa kumhukumu jirani, wamesahau kwamba hatahukumu jirani yake. Wasemao kwamba siku za baraza zitakuwa na posho nyingi, wamesema kweli kidogo; tumekadiria nauli na chakula tu, na hesabu iko ukurasa wa 31. Wasemao kwamba Katibu anataka kujivua mzigo, hao wamesema kweli zaidi. Tumechoka kuwa mshitaki, hakimu na mwandishi wa kumbukumbu kwa siku moja. Hata hivyo Mhasibu wetu, ambaye twamheshimu, hakubaliani nasi juu ya vikaratasi. Yeye angependa wachaguliwe watu wenye ujuzi wa hesabu, naye atapewa nafasi ya kusema kesho kabla ya kura.

Rejista itakuwa mezani kuanzia saa mbili asubuhi. Kila mjumbe alitafute jina lake na majina ya watu wa kijiji chake, maana tumegundua kwamba wanachama wengine waliofariki bado wamo, na wengine walio hai hawamo. Yule bibi wa mizani ni mmoja wa wasiokuwamo: alikuwa akiuza kwa jina la marehemu mumewe. Fomu yake ya uanachama imejazwa jana jioni, na kidole chake kimetiwa wino mbele yetu.